Mitambo ya Zamani ya Kunasa Video Isitupwe

Watu wengi hudhani kwamba tukio lililonaswa katika ukanda wa video limekwisha kuhifadhika. Ukanda uko ghalani, umeandikwa jina na tarehe, umefungwa katika kasha lake; basi yaliyomo yako salama. Dhana hiyo ni sahihi kwa kitabu, maana kitabu husomwa kwa macho. Ni sahihi kwa kiasi fulani hata kwa filamu ya sinema, kwani mtu akiiinua mbele ya dirisha ataiona picha, japo ni ndogo. Lakini ukanda wa video ukiinuliwa mbele ya dirisha hauonyeshi chochote ila rangi ya kahawia. Picha imo ndani yake kwa namna ya chembechembe za oksaidi ya chuma zilizotiwa usumaku kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo hausomeki ila kwa mtambo wa aina ile ile iliyouandika, tena mtambo uliokamilika, wenye umeme ulio sawa na fundi anayeufahamu.

Kwa hiyo kazi ya kufufua mitambo mikuukuu ya kunasa video, ambayo wengi huiona kuwa burudani ya wazee wapendao vyuma chakavu, ni kazi ya sayansi na ya elimu. Yafaa ipewe fedha, mahali na wanafunzi kabla mafundi wa mwisho waliojifunza kazi hiyo ujanani hawajaondoka duniani. Wengi wao sasa wamepita umri wa miaka sabini.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, hapana budi kwanza kuutazama mtambo wenyewe.

Televisheni ilipoanza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, haikuwa na kumbukumbu. Njia pekee ya kuhifadhi kipindi ilikuwa kuiweka kamera ya sinema mbele ya kioo cha televisheni na kuipiga filamu picha iliyoonekana. Filamu hiyo ilihitaji kusafishwa kwa dawa, ilikula fedha nyingi, na picha yake ilikuwa kama inayotazamwa kupitia chandarua. Tatizo lilizidishwa na upana wa nchi yenyewe: saa mbili usiku mjini New York ni saa kumi na moja jioni California. Vituo vya televisheni vilitaka kipindi kile kile kitazamwe usiku pande zote mbili, na kwa hiyo kila siku filamu ilirekodiwa, ikasafishwa mbio mbio na kuonyeshwa tena baada ya saa tatu.

Kunasa sauti kwa ukanda wa sumaku kulikuwa kumekwisha kufahamika. Wajerumani walikuwa na mitambo mizuri ya kazi hiyo tangu miaka ya 1930. Kwa nini basi picha haikunaswa vivyo hivyo? Jibu limo katika hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya. Sauti nyembamba sana isikikayo vizuri ina mitetemo ipatayo 15,000 kwa sekunde. Ukanda ukienda kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, kila wimbi la sauti hiyo litachukua urefu wa milimita 0.025 juu ya ukanda, kipimo ambacho kichwa cha sumaku cha wakati ule kiliweza kukiandika na kukisoma. Picha ya televisheni, kwa upande wake, ina mitetemo ifikayo milioni nne kwa sekunde na zaidi. Kwa mwendo ule ule, wimbi moja la picha lingebanwa katika urefu usiofika milimita 0.0001. Hapakuwa na kichwa wala ukanda ulioweza kubeba alama ndogo kiasi hicho.

Njia iliyoonekana wazi ilikuwa kuongeza mwendo wa ukanda. Wahandisi wa BBC nchini Uingereza waliifuata tangu mwaka 1952. Mtambo wao, ulioitwa VERA, ulikimbiza ukanda kwa mwendo upatao mita tano kwa sekunde, kutoka katika magurudumu yenye upana wa zaidi ya nusu mita, na bado ukanda wote ulikwisha kwa muda wa dakika kama 15 tu. Ulipoonyeshwa kwa watazamaji mwaka 1958 ulikuwa umekwisha kupitwa, na baada ya muda mfupi ukaachwa.

Kundi dogo la wahandisi wa kampuni ya Ampex, mjini Redwood City, California, wakiongozwa na Charles Ginsburg, walikwenda njia nyingine. Waliuacha ukanda uende polepole, wakakizungusha kichwa. Vichwa vinne vidogo vilipachikwa katika ukingo wa gurudumu lenye upana wa sentimita tano na kitu, na gurudumu hilo likazungushwa mara 240 kwa sekunde likiukata ukanda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukanda wenyewe ulikuwa na upana wa inchi mbili, yaani milimita 50.8, na ulisogea kwa sentimita 38 tu kwa sekunde. Lakini kichwa, kwa sababu ya mzunguko wake, kiliupita ukanda kwa mwendo ukaribiao mita 40 kwa sekunde. Kama ukanda ungekimbizwa moja kwa moja kwa mwendo huo, kipindi cha saa moja kingehitaji ukanda wa kilometa 144, yaani kutoka Dar es Salaam kuipita Chalinze. Kwa njia ya vichwa vinavyozunguka, mita 1,400 hivi zilitosha.

Miongoni mwa wahandisi hao alikuwamo kijana Ray Dolby, ambaye baadaye jina lake lilienea duniani kwa mfumo wa kupunguza mvumo katika kanda za sauti. Mwenziwe, Charles Anderson, ndiye aliyetatua tatizo jingine gumu: nguvu ya alama inayosomwa na kichwa hupanda na kushuka, na kama picha ingeandikwa kwa kutegemea nguvu hiyo, isingetazamika. Alitumia njia ile ile ya redio za FM, ambamo habari huwekwa katika wingi wa mitetemo, si katika nguvu yake.

Tarehe 14 Aprili 1956 mtambo ulionyeshwa mjini Chicago mbele ya wakuu wa vituo vya televisheni. William Lodge wa shirika la CBS aliwahutubia. Alipomaliza, vioo vya televisheni vilivyokuwa ukumbini vikamwonyesha yeye yule akisema maneno yale yale. Kwa kitambo kidogo ukumbi ulikuwa kimya. Kisha watu wakasimama na kupiga makofi. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo CBS ilirusha habari za jioni kutoka katika ukanda kwa ajili ya watazamaji wa magharibi, na kazi ya kukimbizana na dawa za filamu ikaanza kufifia.

Mitambo hiyo iliuzwa kati ya dola 45,000 na 50,000 kila mmoja, na ukanda mmoja wa saa nzima uligharimu takriban dola 300. Bei hizo zilileta jambo la kusikitisha. Kwa kuwa ukanda ulikuwa ghali na uliweza kufutwa na kutumiwa tena, ulifutwa. Vyombo vilivyokuwa vimeipatia televisheni kumbukumbu ndivyo vilivyotumika kuiondoa. BBC peke yake ilifuta vipindi vingi sana vya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hata leo makumi ya vipindi vya mchezo wake maarufu wa Doctor Who havijulikani viliko. Mabaki yaliyookoka ni machache kwa kulinganisha, na machache hayo ndiyo yanayohitaji mtambo.

Mfano mmoja wastahili kuelezwa. Mwezi Oktoba 1958 kituo cha NBC kilionyesha kipindi cha muziki na dansi cha Fred Astaire, kwa rangi, na kikarekodiwa katika ukanda wa inchi mbili. Baada ya miaka thelathini tu, mwaka 1988, wataalamu waliofanya kazi na hazina ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitaka kukinakili. Ukanda ulikuwapo, na mitambo ya inchi mbili ilikuwapo. Hata hivyo namna ya kuandika rangi iliyotumiwa mwaka 1958 ilikuwa imekwisha kuachwa, na mtambo wa kawaida haukuweza kuirudisha. Iliwabidi waugeuze mtambo ufanane na ule wa zamani, na kazi yao ikapewa tuzo ya ufundi ya Emmy. Thelathini ni miaka michache. Mwalimu aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 25 hajastaafu muda huo ukipita.

Mfano wa pili unahusu mtambo ulio jamaa ya karibu ya ule wa televisheni. Katika miaka ya 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano vilivyoitwa Lunar Orbiter kuuzunguka mwezi na kuupiga picha, ili patafutwe mahali pa kutua binadamu. Kila chombo kilipiga picha katika filamu, kikaisafisha filamu humo humo angani, kikaipima kwa mwali wa nuru na kuipeleka duniani kwa redio. Alama zilizopokelewa zilinaswa katika kanda za inchi mbili kwa mitambo ya Ampex iitwayo FR-900, ambayo nayo ina vichwa vinavyozunguka. Wakati ule wataalamu walizitazama picha zilizonakiliwa upya katika filamu huku chini, na nakala hizo zilipoteza sehemu kubwa ya tofauti baina ya weupe na weusi. Kanda zenyewe, zipatazo 1,500, zikawekwa ghalani.

Ziliokolewa kwa ushupavu wa mtu mmoja kuliko kwa mpango wa serikali. Nancy Evans, mtunza kumbukumbu katika maabara ya JPL huko California, alikataa kanda hizo zitupwe, na mitambo minne ya FR-900 ilipoachwa na jeshi la anga, aliipokea na kuiweka katika banda la magari nyumbani kwake kwa miaka mingi. Hapakuwa na aliyekubali kutoa fedha. Hatimaye, kuanzia mwaka 2007 na 2008, Dennis Wingo na Keith Cowing waliichukua kazi hiyo na kuihamishia katika kituo cha NASA cha Ames, ndani ya jengo lililokuwa mkahawa wa McDonald's. Mtambo uliungwa kwa kutoa sehemu katika mwingine, vichwa vikafanywa upya, na kifaa cha kuzigeuza alama ziwe picha, ambacho kilikuwa hakipo kabisa, kikaundwa upya kwa kufuata maandishi ya zamani. Mwezi Novemba 2008 walitoa picha ya dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, iliyopigwa na Lunar Orbiter 1 tarehe 23 Agosti 1966. Ilikuwa bora kuliko nakala iliyotazamwa na wenyewe waliokituma chombo.

Jambo hilo la mwisho ndilo la kuzingatiwa. Wapo wasemao, tena watu wenye madaraka, kwamba kila ukanda unakiliwe katika kompyuta mara moja, kisha ukanda na mtambo vitupwe, nafasi ipatikane. Rai hiyo ina sehemu ya haki: kunakili ni lazima, na kila mwaka unaopita huharibu zaidi. Lakini nakala ni kazi ya siku yake. Waliotengeneza nakala za filamu mwaka 1966 walidhani wamechukua yote yaliyokuwamo. Mwenye kutupa ukanda na mtambo baada ya kunakili huwafungia waliomfuata mlango wa kurudi na kusoma vizuri zaidi.

Sasa mtambo umepatikana, umefunikwa vumbi, haukutiwa umeme kwa miaka thelathini. Tamaa ya kwanza ya mtu ye yote ni kuchomeka waya ukutani ili aone kama utawaka. Tamaa hiyo imeua mitambo mingi kuliko kutu, na sababu zake ni somo zuri la fizikia.

Adui wa kwanza ni kapasita za elektrolaiti, zile zenye umbo la kopo, ambazo katika mtambo mmoja wa kituo cha televisheni huwa ni nyingi mno. Ndani ya kopo mna karatasi nyembamba ya alumini iliyofunikwa ngozi ya oksaidi, na ngozi hiyo, ambayo ni nyembamba kupita kiasi, ndiyo kihami. Huundwa kwa umeme na hudumishwa kwa umeme. Kapasita ikikaa miaka bila volti, ngozi hudhoofika na maji ya dawa yaliyomo hukauka. Siku itakapotiwa volti zake zote kwa ghafula, mkondo hupenya, kopo hupata moto, gesi hujaa na hatimaye kopo hupasuka. Mara nyingi haliharibiki peke yake: hukata fyuzi kama bahati ni njema, au huunguza transfoma ambayo haitengenezwi tena mahali po pote.

Dawa yake ni subira. Volti hupandishwa kidogo kidogo, kwa saa kadhaa, kwa kutumia transfoma ya kurekebishika, huku fundi akisoma katika mita mkondo unaovuja. Ukipungua kadiri muda unavyopita, ngozi inajijenga upya. Usipopungua, kapasita imekufa na yapasa kubadilishwa. Mafundi wengi huongeza kinga rahisi ajabu: taa ya nyuzi ya wati 100 huungwa kwa mfululizo katika njia ya umeme. Pakiwa na hitilafu mahali fulani, taa hung'aa na kuubeba mzigo wenyewe. Pakiwa salama, humulika mara moja kisha hufifia. Fundi redio wa mtaani huko Kariakoo au Gikomba anaijua taa hii, ijapokuwa hakusomeshwa jina lake. Yafaa kusema hapa kwamba transfoma ya kurekebishika kwa kawaida haimtenganishi mtu na umeme wa ukutani, na mkono unaogusa chuma cha mtambo kwa kuiamini transfoma hiyo unajihatarisha. Kadhalika, kapasita zilizo nzima hubaki na umeme baada ya waya kuchomolewa. Kapasita ya maikrofaradi 100 iliyojazwa volti 400 ina jouli nane, na volti zake peke yake zatosha kumdhuru mtu vibaya. Humwagwa kwa kinzani, wala si kwa bisibisi.

Hata baada ya hapo, sehemu ya ugavi wa umeme haifai kuunganishwa na mtambo. Hutolewa, huwekwa mezani, na hupewa mzigo wa bandia wa vinzani ili kila volti itokayo ipimwe kwanza. Sababu ni hii: katika mitambo ya transista ya miaka ya 1960 na 1970, volti ghafi hupita katika transista kubwa inayozipunguza hadi kiwango kinachotakiwa. Transista hiyo mara nyingi hufa kwa kuunganika ndani, na ikifa hivyo, volti ghafi zote huingia katika bodi za saketi. Kwa nukta moja mamia ya transista za jerimaniamu, ambazo hazina mbadala ulio sawa, huungua. Fundi aliyeruka hatua hii hapati nafasi ya pili.

Kisha lipo suala la aina ya umeme, nalo lawahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu, kama wa Ulaya, ni wa volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Wengi hudhani kwamba transfoma ya kushusha volti yamaliza tatizo. Transfoma hubadilisha volti. Mizunguko huiacha kama ilivyo. Usumaku katika chuma cha transfoma hufuata uwiano wa volti kwa mizunguko: 120 kugawanywa kwa 60 ni 2, lakini 120 kugawanywa kwa 50 ni 2.4. Yaani chuma kilichopimwa kwa kiasi kimoja sasa kinadaiwa kubeba asilimia 20 zaidi. Kama mtengenezaji hakuacha nafasi, chuma hushiba, mkondo huongezeka na transfoma huchemka. Na mota za feni na za pampu za hewa zinazofuata mizunguko ya umeme wa ukutani zitakwenda kwa sehemu tano katika sita za mwendo wake, zikipoza kidogo wakati joto limeongezeka. Ama hutafutwa kifaa cha kutengeneza mizunguko 60, ama huchaguliwa mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya nchi za mizunguko 50. Katika mitambo hiyo gurudumu la vichwa lenyewe huzunguka mara 250 kwa sekunde, kulingana na picha ya mistari 625.

Hewa nayo ni sehemu ya mtambo. Ukanda huvutwa kwa ombwe ndani ya kishikizo kilichopindwa kama upinde ili uyakumbatie mapito ya vichwa, na katika mitambo ya baadaye mhimili wa gurudumu huelea juu ya hewa iliyoshindiliwa badala ya beringi za gololi. Ukizungushwa kabla hewa haijafika, chuma husaga chuma. Hewa yenye unyevu au mafuta huharibu vile vile. Mtu aliyezoea kompyuta hushangaa kuona kwamba mtambo wa picha una mabomba, vichujio na geji ya mgandamizo. Ni kama kukuta karakana ya magari ndani ya maabara.

Yaliyobaki ni ya kawaida kwa kila mtengenezaji: magurudumu ya mpira yaliyogeuka ulojo, grisi iliyoganda, maungio ya bodi yaliyoshika kutu. Vichwa vyenyewe ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu huchakaa kwa saa mia chache za kazi na ni watu wachache mno duniani wanaoweza kuvifanya upya. Hapo mwanzo, mwaka 1956, ukanda ulioandikwa kwa gurudumu moja haukuweza kusomwa vizuri ila kwa gurudumu lile lile, kwa kuwa nafasi baina ya vichwa vinne hazikulingana kwa usahihi wa kutosha. Sharti hilo liliondolewa baada ya muda, lakini laonyesha ni kipimo gani kinachozungumzwa hapa.

Wahifadhi wa makumbusho wana lawama yao, nayo haipaswi kudharauliwa. Wanasema kwamba kila kapasita inayobadilishwa hupunguza uhalisi wa mtambo, na kwamba baada ya ukarabati mkubwa kinachobaki ni sanamu ya mtambo wenye umri wa miaka sitini. Kwa mtambo wa kwanza kabisa wa aina yake, au ule ambao kanda zake zote zimepotea, lawama hiyo ni sahihi. Na ukae nyuma ya kioo. Kwa mitambo mingine, hoja hiyo imekosea shabaha. Thamani ya mtambo wa kusomea imo katika kusoma. Linalotakiwa ni uaminifu wa maabara: kila sehemu iliyotolewa iwekwe katika mfuko na iandikiwe ilikotoka, kila volti iliyopimwa iingizwe katika daftari, na michoro ya saketi ihifadhiwe pamoja na mtambo. Maktaba ya Bunge la Marekani, katika kituo chake cha Culpeper, Virginia, kilichofunguliwa mwaka 2007, huitunza mitambo ya zamani kwa ajili ya kazi. Huo ndio mwenendo wa kuigwa.

Je, haya yanahusu nini huku? Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mapema katika miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Katika muda huo vyuo, wizara, vituo vya kilimo na familia pia zilirekodi katika kanda za aina nyingi, hasa zile za inchi tatu kwa nne za U-matic zilizoletwa na Sony mwaka 1971, na Betacam zilizofuata mwaka 1982. Kanda hizo za baadaye zina maradhi ambayo zile za inchi mbili hazikupata sana: gundi inayoshikilia chembechembe hunyonya unyevu wa hewa, ikawa kama gamu, na ukanda ukipitishwa mtamboni huganda na kung'oka. Mafundi huukausha katika tanuri la joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, na dawa hiyo huupa ukanda nafuu ya muda tu. Kwa pwani yenye hewa nzito kama ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ghala lisilo na kipoza hewa ni mahali pabaya pa kuweka kumbukumbu ya taifa.

Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hazina za sauti na picha, ilitoa tahadhari kwa dunia nzima: baada ya mwaka 2025 hivi, kusoma kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno, kwa sababu mitambo haitengenezwi tena na vipuri vinakwisha. Tarehe hiyo imekwisha kufika. Hata mtambo mdogo wa VHS wa nyumbani hautengenezwi. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kufanya hivyo, iliacha mwezi Julai 2016. Kwa hiyo ofisi yo yote inayokaribia kupiga mnada vyombo vyake vya zamani ingefanya vema kuuliza kwanza kama ghalani mwake hamna kanda zinazovihitaji. Mtambo unaouzwa leo kwa bei ya chuma kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huenda ukawa ndio pekee nchini uwezao kusoma sanduku zima la kanda lililo chumba cha pili.

Wala kazi hii haihitaji kungoja wataalamu kutoka ng'ambo. Shule ya sekondari haiwezi kufufua mtambo wa inchi mbili, lakini yaweza kuanza mahali mafundi wa mitambo hiyo walipoanzia. Redio moja ya zamani yenye transfoma, taa ya wati 100, mita na mwalimu wa fizikia aliye makini vyatosha kwa kipindi cha maabara ambamo kapasita, transfoma na kinzani hutoka ubaoni na kuwa vitu vyenye joto na harufu. Mwanafunzi aandike volti kila baada ya dakika tano, achore mstari wa mkondo unaovuja, na aone kama unashuka. Mkono wake mmoja na ukae mfukoni muda wote umeme ukiwamo.